Barua ya wazi kuhusu vidonge vya "kurejesha kumbukumbu" wanavyouziwa wazee wetu

Dar es Salaam

KWA: Wakuu wa taasisi za umma zinazosimamia dawa, chakula, tiba asili, ushindani wa biashara na utangazaji

NAKALA: Waganga wakuu wa jiji na manispaa za Mkoa wa Dar es Salaam, mabaraza ya wazee

YAH: VIRUTUBISHO VINAVYOTANGAZWA KUWA TIBA YA USAHAULIFU WA UZEENI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wafamasia, wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara tunaohudumia wazee katika jiji hili. Jambo hili tumeshalifikisha mezani kwa njia ya kawaida, kwa barua na kwa mdomo. Tulipokelewa vizuri, barua zikagongwa muhuri, kisha tukaelekezwa ofisi nyingine, nayo ikatuelekeza nyingine. Hatutaji ofisi wala mtu, kwa kuwa tatizo halikuanzia kwa karani wala mkurugenzi mmoja. Lakini biashara inafanyika hadharani, nasi tumeona tuiseme hadharani.

Pita Kariakoo saa nne asubuhi, utasikia spika juu ya gari: "Mama anasahau? Baba anauliza kitu kimoja mara tano? Dozi ya miezi mitatu tu, ubongo unafunguka!" Kopo lina vidonge 60 na picha ya ubongo unaong'aa. Tangazo hilohilo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na redioni kwenye vipindi vya afya vilivyolipiwa. Anayelengwa si mzee. Ni mtoto wake mwenye kamshahara, aliyemweka mama Tandika au Gongo la Mboto na dada wa kazi, na ambaye moyo unamsuta kwamba hajafanya kitu. Muuzaji anaujua moyo huo vizuri mno.

Haya ndiyo tunayoyalalamikia.

1. Madai hayana ushahidi, na ushahidi uliopo unayakanusha

Tuanze na ginkgo, mti wenye asili ya China, maana ndilo jina linaloongoza kwenye makopo. Nchini Marekani, wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza kiini (dondoo iliyokolezwa) cha majani ya ginkgo, miligramu 120 asubuhi na 120 jioni. Jingine lilimeza vidonge visivyo na dawa vinavyofanana navyo kwa sura. Walifuatiliwa kwa takribani miaka sita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliopata dimenshia, yaani kuporomoka kwa akili kunakomfanya mzee ashindwe kujitegemea, walikuwa 277 upande wa ginkgo na 246 upande wa pili. Wafaransa nao wakajaribu dozi hiyohiyo kwa miaka mitano, kwa wazee zaidi ya 2,800 waliokwishamweleza daktari kuwa wanasahau. Mwaka 2012 wakatoa jibu lilelile: haizuii.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu suala hili. Linasema vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega na virutubisho vya mchanganyiko visipendekezwe kwa nia ya kupunguza hatari ya dimenshia.

Upande wa pili upo, na tunausema. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, wenye wazee 2,262 kwa miaka mitatu, uliona vidonge vya kawaida vya multivitamini vikiinua kidogo alama za majaribio ya akili. Haukuonyesha kwamba vinazuia dimenshia, na kiini cha kakao kilichojaribiwa pamoja navyo hakikusaidia. Utafiti mkubwa uliotangulia, wa madaktari wanaume 5,947 wenye miaka 65 na zaidi, haukuona faida yoyote ya multivitamini kwa akili. Vitamini E ya uniti 2,000 kwa siku ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa shughuli za kila siku (kuvaa, kuoga, kula) kwa wagonjwa 613 waliokwishathibitishwa kuwa na Alzheimer, aina ya dimenshia inayoongoza kwa wingi, matokeo yakatoka 2014. Hiyo ni dozi kubwa, inayotolewa chini ya daktari kwa ugonjwa unaojulikana. Kwa wazee 769 waliokuwa na usahaulifu wa mwanzo tu, dozi hiyohiyo haikuleta kitu kwa miaka mitatu. Na uniti 400 tu kwa siku ziliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 katika utafiti mwingine uliochapishwa 2011. Hayo ya tezi dume hatujawahi kuyasikia kwenye spika.

2. Kilichoandikwa kwenye kopo si lazima kiwe ndani ya kopo

Kiini cha ginkgo kilichotumika kwenye tafiti husanifiwa: asilimia 24 flavonoidi na asilimia 6 terpeni, ambazo ni kemikali za mmea wenyewe, na asidi za ginkgo, ambazo ni sumu, zisizidi sehemu 5 kwa milioni. Kilo moja ya kiini hicho hutokana na kilo 35 hadi 67 za majani makavu. Sasa soma kopo la mtaani: "Ginkgo 60 mg". Ni kiini au unga wa majani? Kama ni unga, mzee anapata sawa na miligramu moja au mbili za kiini. Hata kwa wanaoamini ginkgo, hapo hakuna kitu.

Kuna hila nyingine. Mtengenezaji huongeza rutini au kwasetini, kemikali za bei nafuu kutoka mimea mingine, ili kipimo cha jumla cha flavonoidi kisome 24 kama inavyotakiwa. Maabara ikipima jumla pekee itadanganyika. Inabidi flavonoidi zitenganishwe moja moja kwenye HPLC, mashine ya maabara ya kutenganisha kemikali. Rutini au kwasetini ikisimama peke yake juu kuliko kawaida, mzigo umechakachuliwa.

Mafuta ya samaki yana mchezo wake. Lebo ya mbele inasema miligramu 1,000, lakini hizo ni za mafuta yote. Geuza kopo usome kwa maandishi madogo: omega-3 zenyewe, yaani EPA na DHA, mara nyingi ni 180 na 120, jumla 300. Mafuta hayo yakikaa juani kwenye meza ya barabarani huoza kabla ya tarehe iliyogongwa. Toboa kidonge kimoja kwa sindano unuse: yaliyooza yananuka rangi ya mafuta au samaki aliyechacha. Ndiyo maana vingine hutiwa harufu ya limau.

Kisha kuna makopo yanayoandika "mchanganyiko maalumu 1,200 mg" na kuorodhesha mimea kumi na miwili bila kipimo cha hata mmoja. Hapo mfamasia hana cha kukokotoa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulipima virutubisho 10 vya ubongo na kukuta ndani yake dawa tano ambazo hazijaidhinishwa nchini humo. Mwingine, wa mwaka 2008, ulipima dawa 193 za asili ya Kihindi zinazouzwa mtandaoni. Kama moja katika tano ilikuwa na madini mazito yenye sumu: risasi (ledi), zebaki au aseniki. Risasi inaharibu ubongo. Fikiria kumpa mzee risasi kwa jina la kumwongezea akili.

3. Vinagongana na dawa ambazo mzee tayari anameza

Mzee wa Dar mwenye presha na aliyewahi kupata kiharusi huwa na aspirini au klopidogreli. Mwenye tatizo la moyo huwa na warfarini. Zote hizi huzuia damu kuganda. Ginkgo na vitamini E ya dozi kubwa zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu pamoja na dawa hizo. Kiini cha mmea wa huperzia, kinachouzwa kwa ajili ya kumbukumbu, hufanya kazi kwa njia ileile ya donepezili, dawa ya Alzheimer ya hospitali: ukivichanganya, mapigo ya moyo yanashuka, mzee anatapika na kuanguka. Muuzaji hamuulizi mteja dawa nyingine anazotumia, kwa sababu swali hilo linaweza kuua mauzo.

4. Kubwa kuliko yote: muda unaopotea

Kidonge kisichofanya kazi kingekuwa hasara ya fedha tu, tungenyamaza. Shida ni "dozi ya miezi mitatu". Kusahau uzeeni kuna sababu nyingi, na baadhi zinatibika zikiwahiwa.

Tazama vitamini B12. Mzee anayetumia metfomini ya kisukari kwa miaka mingi, au omeprazoli kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo, yuko hatarini kupungukiwa. Dalili zake: ganzi miguuni, kuyumba gizani, ulimi mwekundu laini, usahaulifu, hasira. Picha kamili ya damu huonyesha chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, ingawa si kila mara. Tiba inayotumika sana ni sindano ya haidroksokobalamini miligramu 1, mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili, kisha moja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye dalili za neva hupewa kwa ukaribu zaidi, siku moja baada ya nyingine, hadi nafuu isiongezeke tena. Ukimpa mtu huyu kopo lenye asidi ya foliki nyingi na B12 kiduchu, damu itapanda, uso utang'aa, familia itashukuru. Neva zitaendelea kufa chini kwa chini. Tena akija hospitali baada ya hapo, B12 ya kwenye kopo inaweza kuinua kipimo cha damu kikasoma kawaida, na daktari akaondoka kwenye njia iliyokuwa sahihi.

Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa uvivu nayo huleta usahaulifu, baridi, kufunga choo na sauti nzito. Kipimo chake ni TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo, ambayo hupanda tezi ikilegea. Lakini vidonge vingi vya "nywele, kucha na ubongo" vina bayotini, vitamini ya kundi B, ya miligramu 5 au 10, wakati mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Kwenye mashine nyingi za maabara bayotini hiyo huishusha TSH kwa uongo, na ugonjwa ukafichika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari ya bayotini mwaka 2017. Wataalamu wa maabara, ulizeni kuhusu virutubisho kabla ya kutoa damu. Bayotini isitishwe angalau siku mbili, na zaidi kama dozi ni kubwa.

Dawa zenyewe husahaulisha. Piriton ya mafua inayomezwa kila usiku ili kupata usingizi, amitriptilini ya ganzi, promethazini, diazepamu: zote huzubaisha ubongo wa mzee. Glibenklamaidi ya kisukari kwa mzee asiyekula vizuri hushusha sukari, akachanganyikiwa alfajiri. Hapo tiba ni kupunguza vidonge, na kopo jipya linaviongeza.

Orodha haijaisha: sonona baada ya kufiwa, kaswende ya zamani, VVU, sodiamu kushuka, pombe, na damu iliyotuama kati ya fuvu na ubongo wiki kadhaa baada ya kuanguka bafuni. Nyingine huondolewa kwa dakika kumi. Mzee masikio yake yamejaa nta, hasikii, anajibu ovyo, watu wanasema amechanganyikiwa. Aliyebadilika ghafla, ndani ya saa au siku, anayelala mchana na kuweweseka usiku, huyo si wa kirutubisho hata kidogo. Ni mgonjwa wa dharura hadi malaria, UTI, nimonia na sukari vipimwe.

Wala hatuhitaji mashine ya mamilioni kuanza. Kipimo cha akili kiitwacho IDEA kilitengenezwa kwa ajili ya wazee wa Afrika, kikajaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Kina maswali sita na alama 15: kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka maneno kumi, kupanga njiti za kiberiti kwa mfano ulioonyeshwa, na kadhalika. Asiyejua kusoma anakifanya. Uchunguzi wa wazee 1,198 huko Hai wenye miaka 70 na zaidi ulikadiria dimenshia kuwa asilimia 6.4. Kwa hiyo mzee anayesahau tusimpe jina la Alzheimer kwa kumtazama tu, wala tusimwambie "ni uzee tu".

5. Mashine ya "kupima mwili mzima"

Mnaifahamu. Mteja anashika chuma mkononi kwa dakika moja, kompyuta inatoa karatasi lukuki, kati yake ukurasa wa "neva za ubongo" wenye alama nyekundu kwenye "kumbukumbu". Dawa ya kila alama nyekundu ipo kabatini nyuma ya mpimaji. Chuma cha mkononi hakiwezi kujua hali ya mishipa ya ubongo. Kabla ya kupima, programu huuliza jinsia, umri, urefu na uzito, na hapo ndipo penye siri yake. Mkaguzi anaweza kuithibitisha kwa nusu saa: apimwe mtu mmoja mara tatu, kwanza kama mwanamume wa miaka 30, kisha kama mwanamke wa miaka 75, kisha arudie ya kwanza. Karatasi zote tatu zilinganishwe, maana mwili ni uleule. Zisipofanana, mashine ikamatwe.

6. Nembo za kigeni

"FDA Approved" kwenye kopo la kirutubisho ni uongo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mamlaka hiyo haiidhinishi virutubisho kabla ya kuuzwa. Februari 2019 iliziandikia kampuni 17 kwa kutangaza bidhaa zao kuwa tiba ya Alzheimer.

Waheshimiwa, tunajua mtakachoambiwa.

Wapo watakaosema, "Hiki ni chakula, si dawa." Tangu Julai 2019, TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) ilipogeuzwa kuwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia TBS (Shirika la Viwango), tiba asili ina baraza lake kwa sheria ya mwaka 2002, maduka ya dawa yapo chini ya Baraza la Famasi, na redio chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano). Mgawanyo huo una mantiki. Muuzaji naye anautumia: kwenye karatasi za usajili anasema kirutubisho, kwenye spika anasema tiba. Kiamuliwe kwa kauli ya mauzo. Anayesema kitu chake kinatibu au kinazuia ugonjwa ameuza dawa, hata kama ndani mna unga wa mlonge.

Watasema, "Ni cha asili, hakina madhara." Warfarini ina chimbuko lake kwenye majani ya malisho yaliyooza na kuua ng'ombe kwa kuvuja damu. Asili si cheti.

Watasema wakaguzi ni wachache. Ni kweli. Ila matangazo hayahitaji mkaguzi wa kupanda pikipiki. Yanarushwa yenyewe, na saa yake inajulikana. Watasema vijana watakosa ajira. Wakala wa ngazi ya chini, aliyekopa kununua mzigo wa kuanzia, naye ni mhanga. Adhabu ianzie kwa mwagizaji na kituo kilichopokea fedha za tangazo.

Na watasema kesi za aina hii ni ndefu. Hilo nalo kweli. Marekani, kesi dhidi ya watengenezaji wa Prevagen, kidonge chenye protini iliyogunduliwa kwanza kwa konyeza wa baharini, ilifunguliwa Januari 2017, na amri ya mahakama ya kuacha kudai kinaboresha kumbukumbu ikatoka Desemba 2024. Basi tuanze mapema.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Taasisi zenu zitoe tamko moja la pamoja, kwa Kiswahili, kwamba hakuna kirutubisho kinachoruhusiwa kutangazwa kuwa kinatibu, kinazuia au kinarudisha nyuma usahaulifu wa uzeeni, dimenshia au Alzheimer. Litaje namba moja ya simu ya kupokea malalamiko, ili raia asizungushwe kama tulivyozungushwa.

(b) Kila tangazo la redio, televisheni au gari la spika linalotaja ugonjwa liwe na namba ya kibali inayosomwa hewani. Lisilo na namba lisirushwe.

(c) Lebo zitaje kwa Kiswahili kiasi cha kila kiambato kwa miligramu, zieleze kama ni kiini au unga, na zibebe onyo kwa wanaotumia aspirini, warfarini, dawa za kisukari na za presha. "Mchanganyiko maalumu" usikubaliwe.

(d) Sampuli zinunuliwe kimyakimya Kariakoo, Mbagala, Manzese na Mwenge, zipimwe madini mazito na dawa zilizofichwa, na majibu yatangazwe kwa jina la bidhaa na namba ya toleo.

(e) Mashine za kupima mwili mzima zipigwe marufuku kwenye maduka yanayouza virutubisho.

(f) Kila dirisha la wazee katika hospitali za wilaya liwe na utaratibu wa usahaulifu: kipimo cha IDEA, kuangalia masikio na macho, presha, sukari, picha kamili ya damu, sodiamu, figo, TSH, VVU, kaswende, B12 kwa walio hatarini, na mfamasia kupitia mfuko mzima wa dawa, yakiwemo makopo. Familia ziambiwe zije na kila kitu ambacho mzee anameza, pamoja na unga wa kwenye chupa ya maji.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Makopo, risiti na rekodi za matangazo, zikiwa na tarehe na saa ya kurushwa, tunazo na tuko tayari kuzikabidhi kwa afisa mtakayemteua.

Wenu katika kazi,

Wafamasia, wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara wa huduma za wazee
Dar es Salaam